Chuo Kipi cha Sheria kwa Binti Yetu?

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumba nyingi zenye kijana aliyemaliza kidato cha sita hukosa utulivu. Matokeo yametoka, maombi ya vyuo yametumwa, na simu ikilia usiku kila mtu anaikimbilia. Furaha ipo, lakini moyoni mwa mama kuna swali ambalo hapendi kulisema mbele ya watoto: fedha zitatoka wapi?

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kijana anayetaka kusomea sheria. Nimeichagua sheria kwa sababu mbili. Kwanza, ni masomo ambayo wazazi wengi huyaonea fahari, na fahari ikitangulia, hesabu husahaulika. Pili, katika sheria kuna mwaka mmoja wa ziada ambao wazazi wengi hawaujui mpaka umewafikia mlangoni. Nayajua haya kwa sababu niliwahi kumshauri vibaya mdogo wangu, na ushauri wangu ulimgharimu kiwanja.

Kiwanja kilichouzwa

Mtoto wa kiume wa mdogo wangu alipofaulu kidato cha sita alichaguliwa kusoma sheria katika vyuo viwili. Kimoja kilikuwa na jina kubwa, kiko mbali, katika mji ambao maisha yake ni ghali. Kingine kilikuwa mkoani kwao. Hakikuwa maarufu, lakini kilikuwa kimeidhinishwa na serikali. Mdogo wangu akanipigia simu.

"Dada, wewe umesoma kuliko mimi. Tumpeleke wapi?"

Nilimjibu bila kufikiri hata dakika mbili. "Mpeleke kwenye jina. Kazi siku hizi zinafuata jina."

Kijana akaenda. Mkopo wa serikali alipata sehemu tu. Mwaka wa kwanza walilipa kwa akiba. Mwaka wa pili waliuza ng'ombe wawili. Mwaka wa tatu mdogo wangu aliuza kiwanja alichokuwa akikipalilia kwa miaka tisa akingoja siku ya kujenga. Mwaka wa mwisho walikopa kwenye kikoba. Siku ya mahafali tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Wiki mbili baadaye kijana akaja na karatasi nyingine mkononi. Ilikuwa ni gharama za Law School. Hakuna mtu aliyekuwa ameiweka katika hesabu, na mimi mshauri mkuu nilikuwa sijui hata kama ipo. Ng'ombe hawakuwapo tena, wala kiwanja. Kijana alikaa na shahada yake nyumbani kwa miaka minne, akiuza vocha na kufundisha tuisheni, ndipo akapata fedha za kuendelea.

Mdogo wangu hajanilaumu hata siku moja. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Safari ya sheria ina hatua ngapi?

Basi tuanze na kile ambacho mimi sikukijua. Hapa Tanzania, shahada ya kwanza ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya chuo kikuu, mhitimu hutakiwa kwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo watu wote huiita Law School. Taasisi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2007, ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Iko barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Mafunzo huchukua kama mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu katika mahakama na ofisi za wanasheria.

Wazee wetu waliosoma zamani hawakupitia hapo. Wao walifanya mafunzo ya kazi chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo ukimwuliza mjomba aliyehitimu miaka ya 1980, anaweza kukupa hesabu isiyotosha, naye hana kosa.

Mhitimu akishafaulu Law School, ndipo huomba kupokelewa uwakili. Mawakili wapya huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Baada ya hapo kuna gharama za kila mwaka: leseni ya kufanya kazi na michango ya Chama cha Mawakili wa Tanganyika, chama kilichoanzishwa tangu mwaka 1954.

Mtu anaweza kusema, "Mwanangu hataki uwakili, anataka kazi ya serikali." Sawa. Lakini soma matangazo ya kazi za maofisa sheria, mahakimu na mawakili wa serikali. Mengi huomba mtu aliyekwisha kumaliza mafunzo hayo ya vitendo. Kwa hiyo, mama, mwaka ule wa mwisho uhesabu tangu siku ya kwanza.

Na usidhani kufika Law School ni kufaulu. Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yalizua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walifeli kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo. Wengine walisema mitihani ni migumu mno, wengine walisema vyuo vikuu havikuwaandaa vijana, wengine walitaja udhaifu wa Kiingereza. Sisi wazazi tuchukue funzo moja: ubora wa chuo haupimwi siku ya mahafali. Hupimwa siku mhitimu anapokutana na mtihani wa watu wengine.

Hesabu nyuma ya kalenda

Miaka kadhaa baada ya kisa cha mdogo wangu, rafiki yangu ninayeimba naye kwaya alikuja nyumbani jioni na binti yake. Mume wake ni mwalimu wa sekondari, na yeye mwenyewe anauza maandazi na chai karibu na stendi.

"Shikamoo, mama," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hongera, nimesikia umechaguliwa."

"Nimechaguliwa viwili, mama. Sasa natakiwa kuthibitisha kimoja, na siku zimebaki nne."

Nilimwuliza kwa nini anataka sheria. Hakusema habari za gari wala suti. Alisema babu yake alipofariki, bibi alifukuzwa shambani na ndugu wa mume, akakaa jikoni kwa watu miezi saba, mpaka msaidizi wa kisheria wa kata alipomwandikia barua na kumpeleka mahakamani. "Nilimsindikiza bibi siku ile," akasema. "Hakimu alipomwuliza jina lake, bibi alilia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu anamwuliza."

Baba yake alitaka chuo cha serikali chenye jina, mbali na nyumbani. Mama yake alitaka chuo cha binafsi kilichoko mjini kwetu, binti alale nyumbani. Kila mmoja alikuwa na sababu. Baba alisema ada ya serikali ni nafuu, na ni kweli ada ilikuwa nafuu. Safari hii sikujibu haraka. Nilishusha kalenda ya mwaka uliopita ukutani, nikaigeuza nyuma, nikampa binti kalamu.

Nitakuonyesha hesabu yetu. Namba hizi ni za familia moja na mwaka mmoja. Usizichukue kama bei za leo. Weka za kwako.

Chuo cha mbali: ada Sh. 1,300,000 kwa mwaka, chumba na chakula Sh. 2,000,000, nauli za likizo Sh. 200,000, vitabu na michango Sh. 300,000. Jumla Sh. 3,800,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne, Sh. 15,200,000.

Chuo cha karibu: ada Sh. 1,900,000, nauli ya daladala Sh. 350,000, chakula cha mchana Sh. 350,000, vitabu na michango Sh. 300,000. Jumla Sh. 2,900,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne, Sh. 11,600,000.

Baba wa binti aliziangalia zile namba kwa muda mrefu. Chuo chenye ada kubwa ndicho kilichokuwa nafuu, na tofauti ilikuwa Sh. 3,600,000. Ukigawanya kwa miezi 48 ya masomo, unapata Sh. 75,000 kila mwezi. Tukaandika chini ya kalenda kwa herufi kubwa: AKIBA YA LAW SCHOOL.

Lakini tusikimbilie unafuu

Mama mpendwa, kama ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kwa namna nyingine. Chuo cha bei nafuu kisichofundisha ni ghali kuliko vyote, maana utalipa na mtoto hatafika. Kwa hiyo siku iliyofuata rafiki yangu alifunga biashara yake ya maandazi mapema, wakaenda na binti kukiona kile chuo cha karibu.

Waliingia maktaba. Waliangalia kama kuna vitabu vya sheria na taarifa za kesi, na kama viti vina watu. Waliwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho pale kantini, maana huko ndiko ukweli unakopatikana, siyo katika kipeperushi chenye picha za majengo. Waliuliza: Je, walimu wanaingia darasani? Je, kuna mahakama ya mfano ambapo wanafunzi hujifunza kusimama na kutetea kesi? Je, wenzenu waliomaliza wako wapi sasa? Wangapi wamepita Law School bila kurudia?

Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Katika ofisi ya mkuu wa kitivo walipewa majina ya wahitimu wawili waliokwisha kuapishwa, nao walipigiwa simu. Mmoja alisema chuo kilimfundisha vizuri, lakini Kiingereza chake kilimsumbua, akarudia mitihani miwili. Ulikuwa ushauri wa dhahabu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo la faraja kwa mabibi kama yule wa shambani. Hata hivyo vyuo vikuu hufundisha kwa Kiingereza, na vitabu vingi na hukumu nyingi za zamani zimeandikwa kwa lugha hiyo. Mtoto asiyesoma Kiingereza kwa bidii atateseka, awe chuo chenye jina au kisicho na jina.

Jambo jingine ni ithibati. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ndiyo inayoidhinisha vyuo na kozi, na kila mwaka hutoa mwongozo wa udahili. Usiangalie jina la chuo tu. Angalia kama kozi ya sheria yenyewe imo. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Fikiria mzazi aliyekuwa ameuza shamba kwa ajili ya chuo kimojawapo.

Je, jina la chuo halina maana kabisa? Lina maana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, na kilianza na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria. Huko ndiko alikosoma Julie Manning, mwanamke aliyetangulia wenzake nchini katika masomo hayo, akawa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Huko pia alisoma na kufundisha sheria Dk. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Chuo cha namna hiyo kina wahitimu katika kila ofisi kubwa, na mhitimu wa zamani humkumbuka mdogo wake. Kama mtoto wako amefaulu sana, na gharama zote pamoja na mwaka wa Law School mnaziweza bila kuwaacha wadogo zake bila ada, mpeleke kwa moyo mweupe. Jina humsaidia mtu kuitwa kwenye usaili. Akishaketi mbele ya wanaomsaili, hujibu kwa kichwa chake mwenyewe.

Mkopo si zawadi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imewasomesha watoto wa maskini wengi, na tunaishukuru. Inawakopesha wanafunzi wa vyuo vya serikali na vya binafsi. Lakini kuna mambo matatu ambayo mama anapaswa kuyajua.

La kwanza, mara nyingi kijana hutakiwa kuthibitisha chuo kabla hajajua atapata mkopo kiasi gani. Kwa hiyo hesabu yako ya kwanza ifanye kama vile mkopo haupo. Ukija, mshukuru Mungu na kuuingiza katika hesabu.

La pili, wengine hupata mkopo wa sehemu tu. Anaweza kupata fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita "bumu", na sehemu ndogo ya ada. Bumu ya mtoto anayelala nyumbani inaweza kulipa kitabu na nauli. Bumu ya mtoto aliyepanga chumba mjini huisha kabla mwezi haujaisha.

La tatu, ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Kama mshahara wa kuanzia ni Sh. 700,000, makato ni Sh. 105,000 kila mwezi. Mtoto aambiwe hivyo kabla hajasaini fomu, siyo siku anapokea mshahara wa kwanza na wewe unangoja akununulie kitenge. Na uliza mapema, katika Bodi yenyewe, kuhusu utaratibu wa mkopo kwa mwaka wa Law School. Usingoje mahafali kama tulivyongoja sisi.

Kazi gani zinamngoja?

Tuwe wakweli. Vyuo vinavyotoa shahada ya sheria ni vingi sasa: Dar es Salaam, Mzumbe, Dodoma, Mtakatifu Augustino Mwanza, Tumaini Makumira, Iringa na vingine. Wahitimu ni wengi, na nafasi za serikali hutangazwa chache kwa waombaji wengi. Anayesoma sheria akitazamia kuajiriwa mara moja na kupewa gari atavunjika moyo.

Lakini sheria ina milango mingi. Kuna uwakili wa kujitegemea, uhakimu, mashtaka ya serikali, ofisi za sheria za halmashauri, mabenki, bima, ardhi, usajili wa makampuni, na mashirika ya kutetea wanawake na watoto. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kimekuwa kikiwasaidia akina mama wasio na fedha za wakili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi pia.

Wakili kijana mara nyingi huanza chini ya wakili mwenye uzoefu, kwa posho ndogo. Huandika mikataba ya viwanja, hushuhudia viapo, hufuatilia mirathi. Miaka miwili au mitatu ya kwanza bado atahitaji ugali wa nyumbani. Mzazi akilijua hilo mapema hatamwita mtoto mzembe.

Zipo njia nyingine

Kama fedha hazitoshi mwaka huu, mlango haujafungwa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto hutoa cheti na stashahada ya sheria. Kijana anaweza kuanzia hapo, akafanya kazi, kisha akasonga mbele akikidhi vigezo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, hufundisha sheria kwa watu walioko kazini na majumbani. Njia hii inataka nidhamu, lakini inafaa hata kwa wewe mama uliyeolewa mapema na bado una kiu ya kusoma.

Wasomaji wetu wa Kenya nao wahesabu kama sisi. Huko baada ya shahada mhitimu huenda Kenya School of Law iliyoko Karen, Nairobi, hufanya mitihani ya masomo tisa inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na hufanya mafunzo ya vitendo ya miezi sita chini ya wakili. Angalia pia alama za kidato cha nne. Kanuni ya gredi ya B katika Kiingereza au Kiswahili na wastani wa C+ imewafikisha wahitimu wengi mahakamani. Uliza utaratibu ulivyo kabla ya kulipa ada ya kwanza, na hakikisha chuo kina leseni ya Baraza hilo.

Maswali ya kuuliza mezani

Kata ukurasa huu ukitaka, uubandike jikoni.

1. Je, kozi ya sheria ya chuo hiki imo katika mwongozo wa TCU wa mwaka huu?

2. Shahada ni ya miaka mitatu au minne? Mwaka mmoja zaidi ni ada nyingine na chakula kingine.

3. Ukijumlisha ada, malazi, chakula, nauli, vitabu na michango, ni kiasi gani kwa miaka yote?

4. Fedha za Law School, pamoja na kuishi Dar es Salaam mwaka ule, zitatoka wapi? Akiba inaanza mwezi gani?

5. Wahitimu wa chuo hiki wanafanyaje Law School? Tumezungumza na angalau wawili?

6. Mkopo usipotoka, tunaweza kuendelea? Mpaka mwaka wa ngapi?

7. Wadogo zake watasomaje katika miaka hiyo?

8. Mtoto mwenyewe anataka sheria, au ni sisi tunaotaka kuitwa wazazi wa wakili?

Swali la nane mwulizeni akiwa peke yake, bila wajomba kuwapo.

Mwisho wa kisa

Yule binti alithibitisha chuo cha karibu usiku wa tatu. Baba yake hakuficha kwamba aliumia kidogo, lakini ni yeye aliyefungua akaunti ya akiba, na kila mwisho wa mwezi aliweka zile Sh. 75,000. Kuna miezi waliweka elfu ishirini tu, na kuna miezi maandazi ndiyo yaliyojazia. Law School alirudia mitihani miwili, tukalia naye, akairudia na kufaulu. Siku anaapishwa, bibi yake alikuwa amevaa kitenge kipya, ameketi mstari wa nyuma, akiuliza kila mara, "Ndiye yule? Mwenye kola nyeupe?"

Hajawa tajiri. Anafanya kazi chini ya wakili mwingine, anakatwa mkopo wake, na nguo zake nyingi bado anashonewa na mama yake. Lakini wiki iliyopita alimsimamia mjane mmoja katika shauri la mirathi, na hakudai fedha.

Na mtoto wa mdogo wangu? Naye alimaliza Law School hatimaye. Mwaka jana alianza kumtafutia mama yake kiwanja kingine. Ni kidogo kuliko kile cha zamani na kiko mbali na barabara. Nilikwenda kukiona na mdogo wangu, tukapalilia pamoja mpaka jua likazama. Hatukuzungumza habari za ushauri wangu. Aliniuliza tu, "Dada, mlango wa mbele tuuelekeze wapi?" Nikamwambia safari hii tufikiri kwanza.

Kama una kijana anayesubiri majibu ya chuo, usibaki peke yako na wasiwasi. Keti na mume wako, mwite mtoto, geuzeni kalenda nyuma, muandike. Mwezi ujao tutazungumza juu ya namna ya kumwandaa binti anayekwenda kuishi mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo, mama mpendwa, ubaki salama na wote nyumbani mwako.